Mgonjwa Asiyekuwapo: Kumbukumbu za Tiba za Lubaga na Historia ya Data za Majaribio

Programu ya kompyuta inayotunza kumbukumbu za wagonjwa haiwezi kuaminiwa kabla haijajaribiwa, na haiwezi kujaribiwa pasipo wagonjwa. Kwa kuwa hakuna hospitali yenye haki ya kutoa siri za watu wake halisi kwa ajili ya majaribio ya mitambo, waandishi wa programu wamelazimika kubuni wagonjwa wasiokuwapo, kuwapa majina, tarehe za kuzaliwa, namba za kadi na maradhi, na kuwaweka mahali pamoja ambapo kila anayeandika jaribio anaweza kuwakuta. Wagonjwa hao wa kubuni huitwa hapa data za mfano, na vipande vya msimbo vinavyowaandaa, kuwaingiza katika hifadhidata na kuwaondoa jaribio linapokwisha huitwa visaidizi vya majaribio. Mambo haya mawili hayaonekani na daktari wala mgonjwa, na historia yake haijapewa uzito unaostahili, ingawa sehemu muhimu ya historia hiyo imepita Afrika Mashariki, na mizizi yake, yaani desturi ya kuandika habari za wagonjwa kwa utaratibu mmoja unaoweza kusomwa na mtu mwingine, ina kina kirefu katika vilima vya Lubaga.

Lubaga ni mojawapo ya divisheni tano za Jiji la Kampala, na kilima kilichoipa jina kilikuwa makao ya Mutesa I, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, wakati mpelelezi Stanley alipofika huko mwaka 1875. Baadaye kilima hicho kikawa kitovu cha Kanisa Katoliki, ambalo kanisa kuu lake, lililochukua zaidi ya miaka 10 kujengwa, lilikamilika mwaka 1925. Ndani ya divisheni hiyohiyo kuna Namirembe, kilima cha Waanglikana, na Mengo, makao ya serikali ya Kabaka. Ushindani wa dini uliotawala siasa za Buganda mwishoni mwa karne ya 19 uliacha hospitali mbili kongwe zilizo karibu mno: Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, na Lubaga, iliyoanzishwa mwaka 1899 na Masista Wamisionari wa Bibi Yetu wa Afrika, ambao wengi huwaita Masista Weupe.

Cook alifika Mengo Februari 1897 baada ya safari ndefu kutoka pwani, akiwa katika kundi la wamisionari lililomjumuisha pia muuguzi Katharine Timpson, ambaye alikuja kuwa mke wake mwaka 1900. Hospitali iliteketea mwaka 1902 ilipopigwa na radi, ikajengwa upya. Ndugu wa Albert, Jack Cook, alijiunga naye mwaka 1899, na mwaka 1901 ndugu hao wawili waligundua katika wodi za Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Mambo haya yameandikwa mara nyingi. Lililoandikwa mara chache ni kwamba Cook alikuwa mwandishi wa kumbukumbu asiyechoka. Kila aliyelazwa aliandikiwa historia ya ugonjwa wake, yaliyoonekana katika uchunguzi, tiba aliyopewa na namna alivyoondoka, na utaratibu huo uliendelea kwa miongo kadhaa bila kubadilishwa sana. Kumbukumbu hizo zilizokusanyika zimehifadhiwa kwa jina lake katika maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere.

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika baada ya Cook mwenyewe kufariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, alieleza uvimbe wa taya unaowashambulia watoto, ambao leo unajulikana kwa jina lake, na swali likazuka kama ugonjwa huo ulikuwa mpya au ulikuwapo siku zote bila kutambuliwa. J. N. P. Davies na wenzake wa idara ya patholojia ya Makerere walirudi kwenye mafaili ya Mengo na kukuta watoto wenye uvimbe wa taya wakiwa wameelezwa humo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 1964 walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchambuzi wa saratani katika jamii moja ya Kiafrika kwa kipindi cha 1897 hadi 1956, na chanzo chao chote kilikuwa kumbukumbu za hospitali hiyo moja. Uchambuzi wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu moja tu: walioandika walifuata umbo moja, kiasi kwamba ukurasa wa mwaka wa kwanza ungeweza kulinganishwa na ukurasa ulioandikwa nusu karne baadaye na mkono mwingine.

Mafaili ya Mengo yalikuwa data za pamoja kwa maana kamili: yaliandikwa na wengi, yakasomwa na wengi, yakatumika kuthibitisha au kukanusha dai ambalo waandishi wake hawakulifikiria. Hata hivyo yana mpaka ambao mwandishi wa programu hana ruhusa ya kuuvuka. Yanahusu watu waliokuwapo, wenye jamaa na vijiji, na baadhi ya maradhi yaliyomo ni yale ambayo familia huficha hata baada ya vizazi viwili. Kwa wagonjwa walio hai sheria imesema waziwazi: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka data za mtu zitumike kwa kusudi lililozikusanya, na habari za afya imeziweka katika kundi linalolindwa zaidi. Kunakili hifadhidata ya kliniki kwenye kompyuta ya fundi ili ajaribu programu yake, jambo ambalo hufanywa kwa sababu tu ni rahisi, ni kuivunja amana hiyo. Hapa ndipo mgonjwa wa kubuni alipohitajika.

Wazo la kumbuni kwa utaratibu lilitoka katika fani ya uandishi wa programu yenyewe. Mwaka 1994 Kent Beck alieleza, kwa lugha ya programu iitwayo Smalltalk, namna ya kuandika majaribio yanayojiendesha, na kati ya mambo aliyoyapa jina lilikuwa lile la hali ya kuanzia ambayo majaribio kadhaa huishiriki: vitu vilivyoandaliwa kabla ya jaribio, vikajulikana thamani zake, ili matokeo yakitofautiana na yaliyotarajiwa kosa liwe la msimbo na si la maandalizi. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma waliandika JUnit, zana ya kufanya kazi hiyohiyo katika lugha ya Java, na wengi wa waandishi wa Java duniani wakaikubali. Ruby on Rails, iliyotolewa mwaka 2004 kwa ajili ya kuunda tovuti na programu za wavuti, yaani programu zinazotumiwa kupitia kivinjari, iliipa kila kazi mpya mahali rasmi pa kuweka data za mfano, na hivyo jambo lililokuwa hiari likawa sehemu ya kawaida ya ujenzi.

Mwaka huohuo wa 2004 ndipo wazo la OpenMRS lilipozaliwa. Kabla yake, mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilikuwa vimeweka mfumo mdogo wa kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, na mfumo huo ulizidiwa haraka pale mradi wa AMPATH ulipoanza kuhudumia maelfu ya watu wenye virusi vya UKIMWI. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na wenzao wa Afrika Kusini, waliamua kujenga mfumo mmoja ulio wazi, ambao msimbo wake ungeweza kusomwa, kutumiwa na kurekebishwa na yeyote. Ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umefika Rwanda na Afrika Kusini. OpenMRS ni programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java, na kwa kuwa iliandikwa na watu wa mabara tofauti ambao wengi wao hawakuwahi kuonana, ilihitaji mapema kuliko programu nyingi makubaliano juu ya wagonjwa wa kujaribia.

Makubaliano hayo yamo katika faili moja liitwalo standardTestDataset.xml, na msomaji anayetaka kuelewa jinsi data za pamoja zinavyofanya kazi hana mahali bora pa kuanzia. Faili hilo ni maandishi matupu: kila mstari ni safu moja ya jedwali fulani la hifadhidata, likitaja jedwali hilo na kile kinachoingia katika kila sehemu yake. Mgonjwa namba 2 anaitwa Horatio Test Hornblower, mwanamume aliyezaliwa mwaka 1975, na jina lake limechukuliwa kwa nahodha wa riwaya za C. S. Forester. Wapo pia Johnny Test Doe, Collet Test Chebaskwony na Anet Test Oloo. Jina la kati la wote ni Test, alama ya kumzuia mtu yeyote asije akawadhania kuwa ni watu wa kweli, na majina mawili ya mwisho yanasikika kama ya magharibi mwa Kenya, mahali mfumo ulipozaliwa. Vituo vya tiba vya faili hilo ni pamoja na Xanadu, mji wa ushairi wa Kiingereza, na miongoni mwa dahana zake, yaani mambo yanayopimwa na kuandikwa, zimo zile ambazo kliniki ya VVU haiwezi kukosa, mathalani uzito kwa kilo na hesabu ya chembe za CD4. Mchanganyiko huo wa utani wa maktaba na mahitaji halisi ya Eldoret unaeleza historia ya mradi kuliko taarifa nyingi rasmi.

Namba ya kadi ya Hornblower ni 101-6, na tarakimu hiyo ya mwisho haikuwekwa ovyo. Ni tarakimu ya uhakiki, iliyokokotolewa kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1950. Katika 101, tarakimu husomwa kutoka kulia: ya kwanza huzidishwa mara mbili ikawa 2, ya pili hubaki 0, ya tatu huzidishwa ikawa 2, jumla ni 4, na ili kufikia 10 hupungua 6. Karani akikosea akaandika 110-6, hesabu inatoa 3, tarakimu inayotakiwa ni 7, na mfumo unakataa. Katika kliniki ambako foleni huanza alfajiri na kadi huandikwa kwa mkono, kosa la kubadilishana tarakimu mbili laweza kumpeleka mtu kwenye faili la mwingine, na dawa ya mwingine. Kwa sababu hiyo jaribio la kanuni ya uhakiki ni la lazima, na mgonjwa wa kubuni mwenye namba isiyo halali kihesabu asingefaa kitu.

Data pekee hazitoshi. Ili mgonjwa mmoja awemo katika hifadhidata ya OpenMRS, sharti awepo kwanza mtu, kisha jina, jinsia, namba ya kadi, aina ya namba, kituo kilichoitoa, na mtumiaji aliyeingia katika mfumo na kuruhusiwa kumsajili. Iwapo kila mwandishi wa jaribio angejenga mlolongo huo peke yake, mistari ya maandalizi ingelizidi jaribio lenyewe kwa mbali, na kila mmoja angeujenga kwa namna yake. OpenMRS ilikusanya kazi hiyo katika darasa mama moja la msimbo, BaseContextSensitiveTest, ambalo majaribio mengine hulirithi: linawasha hifadhidata ndogo inayoishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, linaijaza kutoka faili la pamoja kwa msaada wa zana iitwayo DbUnit, linamwingiza mtumiaji mwenye mamlaka, na jaribio linapokwisha linarudisha kila kitu kilivyokuwa, kana kwamba hakuna aliyegusa. Jaribio la pili halirithi uchafu wa la kwanza, na mpangilio wa kuyaendesha majaribio haubadilishi matokeo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa jaribio linalofaulu asubuhi na kushindwa jioni humfundisha mwandishi kulipuuza.

Hata hivyo uamuzi wa kushiriki faili moja ulikuja na gharama, na waliofanya kazi na mfumo huo kwa miaka mingi wameilipa. Jaribio linalodai kwamba wagonjwa ni wanne litaanguka siku mtu wa moduli nyingine kabisa atakapomwongeza wa tano. Mgonjwa aliyezaliwa 1975 huzeeka kila mwaka, na jaribio lililoandikwa kwa kutazama umri wake wa leo litakufa lenyewe bila mtu kugusa msimbo. Hifadhidata ndogo ya majaribio, ambayo mara nyingi ni H2, haifanani kwa kila jambo na MySQL inayotumika hospitalini: kwa mpangilio wake wa kawaida MySQL haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapolinganisha maneno, ilhali H2 hutofautisha, na kwa hiyo utafutaji wa jina waweza kuwa na tabia moja kwenye meza ya fundi na nyingine kwenye dirisha la usajili. Faili la pamoja, kadiri linavyotegemewa na wengi, ndivyo linavyokuwa gumu kubadilishwa, hadi likafikia hali ya kuongezwa tu bila kupunguzwa.

Dawa iliyojitokeza katika miradi ya Afrika Mashariki ilikuwa kuhamisha sehemu ya mzigo kutoka kwenye data kwenda kwenye visaidizi. KenyaEMR, mfumo wa Wizara ya Afya ya Kenya uliojengwa juu ya OpenMRS, uliwapa waandishi wake visaidizi vifupi vya kumuumba mgonjwa wa jinsia na tarehe fulani ya kuzaliwa, kumwandikisha katika mpango wa tiba, na kumwekea kipimo cha siku maalumu, ndani ya jaribio lenyewe. Kwa njia hiyo kinachohusika na jaribio huonekana palepale, na yasiyohusika hufichwa. Faili la pamoja hubaki na yale tu ambayo kweli ni ya wote: kamusi ya dahana, aina za namba, orodha ya vituo. Kati ya njia zote zilizojaribiwa, huu ndio mgawanyo ulio bora, kwa sababu unamlazimu mwandishi aseme wazi ni jambo gani la mgonjwa linaloleta matokeo anayoyadai.

Nchini Uganda kazi hiyo iliingia katika UgandaEMR, mfumo wa Wizara ya Afya uliojengwa vilevile juu ya OpenMRS na kuendelezwa kupitia mpango wa METS wa Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere. Desemba 2016 jumuiya ya OpenMRS ilikutana Kampala, na Waganda wamekuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa msimbo wake. Mfumo huo unatarajiwa kutoa ripoti za Wizara, na iliyo ngumu kuliko zote imekuwa ripoti ya robo mwaka ya huduma za VVU, HMIS 106a, inayogawa watu kwa umri, jinsia na muda waliokaa katika tiba. Mtoto aliyetimiza miaka 10 katikati ya robo ahesabiwe wapi? Mama aliyehamia kutoka kituo kingine akiwa tayari anameza dawa ni mgonjwa mpya au wa zamani? Maswali haya hayajibiwi na Hornblower. Yanahitaji wagonjwa waliobuniwa makusudi kukaa kwenye mipaka, mmoja siku moja kabla ya robo kuanza, mwingine siku moja baada ya kwisha, na tarehe ya ripoti ikiwa imefungwa ndani ya kisaidizi ili mwaka ukigeuka jaribio lisigeuke nalo.

Yapo pia mambo ambayo data zilizotoka kwingine haziwezi kuyabeba. Katika Buganda baba na watoto wake kwa kawaida hawashiriki jina la ukoo lililo moja, bali kila mtoto hupewa jina lake kutoka hazina ya ukoo wa baba, kwa hiyo programu inayodhani kwamba familia hujulikana kwa jina la mwisho itakosea kuwaunganisha. Wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa, na OpenMRS ina sehemu maalumu ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya makadirio, sehemu ambayo isipojaribiwa makadirio husomwa kama ukweli. Anwani ya Uganda hushuka kutoka wilaya hadi kijiji kwa ngazi zinazojulikana, na Lubaga yenyewe huandikwa Rubaga katika nyaraka nyingi za serikali, kiasi kwamba mtu mmoja aliyesajiliwa mara mbili anaweza kuonekana kama mkazi wa divisheni mbili. Mgonjwa wa kubuni kutoka Nateete mwenye baba wa jina tofauti, umri wa kukadiria na anwani iliyoandikwa kwa tahajia zote mbili angefichua makosa mengi kuliko wagonjwa 100 walioumbwa bila kufikiri.

Vituo vya afya vya Kawaala na Kitebi, vinavyoendeshwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala ndani ya divisheni ya Lubaga, hupokea kila siku watu ambao maisha yao yanategemea kumbukumbu sahihi za dawa za muda mrefu, na hospitali za Mengo na Lubaga zinaendelea kuhudumia baada ya miaka zaidi ya 120. Wahudumu wa vituo hivyo wanajua kuliko fundi yeyote ni mgonjwa wa namna gani anayeuchanganya mfumo: aliyepoteza kadi, aliyebadilisha jina baada ya ubatizo, anayechukua dawa kwa niaba ya mumewe. Ujuzi huo bado unakaa vichwani na katika malalamiko ya mdomo, wakati ungepaswa kuandikwa. Wizara ya Afya, Makerere na hospitali hizi zinapaswa kutunga pamoja seti moja ya wagonjwa wa kubuni wa Uganda, iliyo wazi kwa kila mwandishi wa programu za afya, iliyohakikiwa na makarani na wauguzi, isiyo na hata mstari mmoja ulionakiliwa kutoka faili la mtu halisi, na yenye mtu aliyepewa jukumu la kuitunza na kuipunguza inapozidi.